MAKAYE MENGI, HESABU MOJA
Namna mashine zinavyounganisha kazi za biashara

Katika namba hii ya gazeti letu, sisi wa seksio ya biashara tumeombwa kueleza jambo ambalo wengi wanatuuliza: ordinatere (ao kompyuta, kama wanavyosema ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa) na telefone zinafanya kazi gani hasa katika biashara? Wengine wanasema hayo ni mambo ya Kinshasa na Ulaya, sisi wa Fizi na Baraka hayatuhusu. Wengine wanazani kwamba ukisha kununua mashine, feza itaongezeka yenyewe. Wote wanakosea, na tutaonyesha sababu.

1. MWANAFUNZI ALIYELIPA, KISHA AKAFUKUZWA

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Mwenzetu mmoja alisoma zamani katika shule ingine, hatutaji jina. Baba yake aliuza mihogo, akamupa minervali ya miezi mitatu. Siku ya kwanza ya juma alilipa kwa mtunza feza, akapewa karatasi. Siku ya tatu, prefe akaingia darasani na liste mkononi: "Wale nitakaosoma majina yao, watoke!" Jina lake likasomwa.

"Lakini mimi nimelipa, bwana prefe."

"Karatasi iko wapi?"

Karatasi ilikuwa nyumbani, mwendo wa saa moja kwa miguu. Alipokwenda na kurudi, enterogasio ya hesabu ilikuwa imekwisha. Akapata sifuri.

Sasa tuulize: nani alikosa? Mtunza feza aliandika vizuri katika kaye lake. Prefe alisoma vizuri liste yake. Hapakuwa na mwizi, hapakuwa na mwongo. Lakini liste ya prefe iliandikwa juma lililopita, na kaye la mtunza feza lilibaki ndani ya biro ingine. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Na aliyelipa bei ya mambo hayo ni mtoto.

Ugonjwa huo ndio tunaotaka kueleza leo. Unapatikana shuleni, hospitalini, katika biro za serikali, na zaidi sana katika biashara. Dawa yake ina maneno mawili: kupanga kazi upya, na kuunganisha hesabu.

2. KAZI ZA BIASHARA NI NGAPI?

Watu wengi wanafikiri kwamba biashara ni kununua na kuuza tu. Lakini tazama mama anayefanya biashara ya mafuta ya mawese hapa Baraka. Tumwite Mama Mawese, ni jina la mfano. Anafanya kazi ngapi?

a) Ananunua bidoni vijijini.
b) Analipa usafiri, gari ao pikipiki.
c) Anaweka mali ndani ya depo na kuilinda. Hii ndiyo stoki.
d) Anauza, kwa feza mkononi ao kwa deni.
e) Anatunza sanduku la feza.
f) Anafuata wadeni wake, naye analipa madeni yake.
g) Analipa wafanyakazi.
h) Analipa kodi.

Kazi nane! Akiwa peke yake, zote zinakaa ndani ya kichwa chake. Biashara ikikua, anaweka mtu mmoja depo, mwingine sokoni, mtoto wake kwenye sanduku la feza. Kila mmoja ananunua kaye lake. Kutoka siku hiyo, yale ya liste ya prefe yanaanza.

3. HESABU YA BIDONI AROBAINI

Tutie mfano katika namba. Bei hizi ni za kufundishia tu, msiende nazo sokoni.

Mama Mawese ananunua bidoni 40, kila moja franka 30,000. Jumla 1,200,000. Usafiri ni franka 2,000 kwa kila bidoni, jumla 80,000. Ametoa basi franka 1,280,000, na kila bidoni imemgharimu 32,000.

Anauza bidoni 25 kwa feza mkononi, kila moja 36,000. Sanduku linapata 900,000. Anampa mnunuzi mmoja wa Uvira bidoni 10 kwa deni, kwa bei ileile: deni 360,000. Katika depo zinabaki bidoni 5.

Jioni anawaita watu wake watatu.

Mtunza sanduku anasema: "Mama, tumetoa 1,280,000, tumeingiza 900,000. Tumepata hasara ya 380,000!"

Muuzaji anasema: "Hapana, Mama. Tumeuza bidoni 35, na kila moja tumeongeza 6,000 juu ya bei ya kununua. Tuko na faida ya 210,000!"

Mtu wa depo anasema: "Mimi najua tu kwamba niko na bidoni."

Nani anasema kweli? Hakuna. Mtunza sanduku amesahau kwamba deni la Uvira ni mali, na bidoni za depo ni mali. Muuzaji amesahau usafiri. Tuunganishe sasa makaye yote matatu. Deni ni 360,000. Bidoni 5 kwa 32,000 ni 160,000. Pamoja ni 520,000. Tukitoa yale 380,000 ambayo sanduku limepunguka, inabaki 140,000. Tupime kwa njia ingine: bidoni 35, kila moja faida 4,000, ni 140,000. Hesabu inalingana. Hiyo ndiyo faida ya kweli. Lakini angalia sana: feza ya faida hiyo bado haiko mkononi. Yule mtu wa Uvira asipolipa, faida yote imekufa, na hasara ya kweli imeanza.

Mama Mawese akimsikiliza mtunza sanduku peke yake, ataacha biashara nzuri. Akimsikiliza muuzaji peke yake, atanunua nguo za sikukuu kwa faida ambayo haiko. Ndiyo maana tunasema makaye yanapaswa kuongea pamoja.

Na bado iko jambo moja. Mtu wa depo alisema "niko na bidoni", hakusema ngapi. Wanakwenda kuhesabu: ziko 4. Kumbe moja imepotea! Kama makaye hayakuunganishwa, hakuna anayejua kwamba inapaswa kuwa 5. Bidoni itapotea leo, na kesho ingine. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. WAUZA CHAI WA LONDON

Musizani kwamba shida hii ni ya watu wa Baraka peke yao. Kule London ilikuwako kampuni kubwa iliyoitwa Lyons. Biashara yake haikuwa silaha wala ndege. Ilipika mikate na keki, na ilikuwa na nyumba za chai zaidi ya 200. Kila nyumba ya chai iliagiza vyakula vyake kila siku, na makarani wengi sana waliandika, wakajumlisha, wakaandika tena. Kazi ya kuandika ilikuwa karibu kushinda kazi ya kupika.

Mwaka 1947 wakubwa wawili wa kampuni hiyo walisafiri Marekani kutazama mashine mpya za hesabu. Waliporudi, kampuni ikaamua kujenga mashine yake yenyewe. Iliitwa LEO. Ilijaza chumba kizima, na ndani yake mlikuwa na taa za radio karibu 6,000. Telefone ndogo ya leo inaipita sana kwa akili. Lakini mwezi wa 11 wa mwaka 1951 mashine hiyo ilianza kufanya hesabu za mikate ya kampuni. Wanahistoria wanaihesabu kuwa ordinatere ya kwanza duniani kufanya kazi ya biashara ya kila juma.

Jambo kubwa la kujifunza kwa Lyons siyo mashine. Ni namna walivyopanga kazi. Mbele ya kujenga, walichunguza kila karatasi: inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, inafaa nini? Baadaye, mwaka 1954, wakaingiza maagizo ya nyumba za chai. Mkubwa wa kila nyumba alikuwa na agizo lake la kawaida. Haikumpasa tena kuandika vyote kila siku. Alipigiwa telefone, akasema tu mabadiliko: leo niongezeeni hiki, nipunguzieni kile. Mabadiliko hayo yaliandikwa mara moja tu. Kutoka maandiko hayo hayo, mashine ilitoa liste ya wapishi, liste ya wapakiaji wa magari na hesabu za gharama.

Mumeona? Neno liliandikwa mara moja, likatumika pahali pengi. Hiyo ndiyo siri yote. Kama mtunza feza wa ile shule angeandika mara moja "mwanafunzi huyu amelipa", na liste ya prefe ikatoka katika andiko hilo hilo, mwenzetu angefanya enterogasio yake.

Baada ya Lyons, wengine walifuata. Mwaka 1972 Wajerumani watano waliotoka katika kampuni ya IBM walianzisha kampuni yao, ambayo leo inaitwa SAP. Kazi yake ni kuuza programu zinazounganisha kununua, stoki, kuuza, hesabu na mishahara ya kampuni kubwa. Mwaka 1974, katika duka moja la Ohio, Marekani, mashine ilisoma kwa mara ya kwanza ile michoro ya mistari myeusi tunayoiona juu ya biskuti na sabuni. Mistari ile ikisomwa wakati wa kuuza, bei inatoka, na stoki inapungua papo hapo. Mwaka 1979 ilitokea programu iliyoitwa VisiCalc. Ni kama karatasi yenye mistari na safu ndani ya ordinatere: ukibadilisha namba moja, jumla zote zinajibadilisha zenyewe. Kutoka hapo hata mfanyabiashara mdogo aliweza kufanya hesabu za wakubwa.

5. NA SISI HAPA KWETU?

Hapa kwetu mashine iliyofika kwanza mikononi mwa watu wote siyo ordinatere. Ni telefone. Kule Kenya, mwaka 2007, kampuni ya Safaricom ilianza M-Pesa, kutuma feza kwa telefone. Katika inchi yetu Vodacom iliianza mwaka 2012, na kampuni zingine zikafanya vilevile.

Fikiri njia za kwetu. Toka Baraka kwenda Uvira unapita Mboko, Swima na vijiji vingine vya kando ya ziwa. Mvua ikinyesha, barabara inakatika. Kuna wakati ambao kusafiri na feza ndani ya begi ni kuhatarisha uzima. Na ziwani, upepo wa Tanganyika haujali kama umebeba dagaa ao dolari. Mnunuzi wa Uvira anayetuma deni lake kwa telefone amepunguza hatari kwake na kwa Mama Mawese. Tena, ujumbe unaofika unaonyesha kiasi, siku na saa. Ni kama karatasi ya prefe, lakini haiwezi kusahaulika nyumbani. Mwaka 2025, vita ilipofika Goma na kisha Bukavu, banki za kule zilifunga milango. Watu wengi wakaona wazi kwamba feza ya telefone ni jambo la lazima, hata kama wakata-feza nao walipandisha bei.

Lakini tuseme kweli: kutuma feza kwa telefone siyo bado kuunganisha biashara. Ni kazi moja tu katika zile nane. Telefone inajua kwamba 360,000 imefika. Haijui kama ni ya bidoni 10 ao ya deni la mwaka jana. Ni lazima mtu aandike.

Sheria nayo inaomba maandiko. Kutoka mwaka 2012 inchi yetu ni memba wa OHADA, yaani umoja wa inchi za Afrika zinazofuata sheria moja ya biashara. Sheria ya hesabu ya OHADA inaomba kampuni kutunza makaye ya hesabu muda wa miaka 10. Biashara ndogo sana zinaruhusiwa kufuata njia nyepesi: kuandika feza iliyoingia na iliyotoka, na kuongeza stoki na madeni mwisho wa mwaka. Mumeona, hata ile njia nyepesi inaunganisha sanduku, stoki na madeni, sawa na tulivyofanya kwa bidoni 40.

6. MASHINE HAINA MACHO

Sasa tuonye kidogo. Mashine inajua tu yale uliyoiambia. Ikiwa mtu wa depo ameiba bidoni moja, ordinatere itaendelea kusema "5" bila haya. Ni lazima mtu aende kuhesabu kwa macho na vidole, angalau kila juma. Namba ya mashine na namba ya depo zisipolingana, hapo unaanza kuuliza.

Jambo la pili: ukitia mashine juu ya kazi iliyopangwa vibaya, fujo itakwenda mbio zaidi. Kama wauzaji wawili wanaita kitu kimoja kwa majina mawili, mmoja "bidoni", mwingine "mawese ya litri 20", mashine itafikiri ni vitu viwili. Kama mmoja anaandika "100" bila kusema dolari ao franka, hakuna ordinatere itakayomsaidia. Hapa kwetu tunatumia feza mbili sokoni, kwa hiyo kila andiko liseme ni feza gani, na siku hiyo dolari moja ilikuwa franka ngapi.

Jambo la tatu: anayeuza asiwe peke yake anayehesabu feza na kuandika stoki pia. Zamani kazi ziligawanywa kwa watu watatu, na kila mmoja alimlinda mwenzake. Mashine ikiunganisha yote mikononi mwa mtu mmoja, mlinzi hayuko tena.

Jambo la nne linatuuma zaidi. Tunamjua mwenzetu ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki, aliyejulikana toka Ubwari hata Kalemie. Hakuandika. Alisema, "Mimi niko na kichwa." Na kweli alikuwa nacho, alijua kila deni hata franka ya mwisho. Siku moja aliugua, na katika siku nne akafa. Wale waliokuwa na deni lake walikuja kwenye matanga, wakalia, wakarudi kwao. Wale waliosema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na deni lao walifika bila kukawia. Mama hakuwa na karatasi ya kuwajibu. Feza ingine ilikuwa ndani ya telefone, na kode yake ilizikwa pamoja naye; ilikuwa lazima kufuata makaratasi ya urisi miezi mingi. Mwenzetu alikosa mwaka mzima wa masomo.

Tunaandika hayo kwa ruhusa yake. Alituambia: "Muandike, ili mwingine asipate kama mimi." Ndiyo sababu hatusemi kwamba makala hii ni ya watu wa seksio ya biashara tu. Kila mmoja wetu ana baba, mama ao mjomba ambaye anasema "mimi niko na kichwa".

7. TUANZE WAPI?

Hakuna haja ya kungojea umeme. Tunatoa shauri la hatua nne.

Kwanza, kaye moja kubwa, na safu hizi: siku, kitu, ngapi, bei, feza iliyoingia, feza iliyotoka, deni la nani, stoki inayobaki. Kila jambo liandikwe siku ileile, mara moja tu. Ikiwa kuna watu watatu, kila jioni walete maandiko yao katika kaye lile kubwa, wakiwa pamoja.

Pili, telefone itumike kupeleka habari, siyo salamu tu. Mtu wa depo amtumie Mama ujumbe kila jioni: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zinabaki ngapi. Na ujumbe wa feza usifutwe mbele ya kuandikwa katika kaye.

Tatu, kaye likiisha kuwa safi, na kazi imejulikana na wote, ndipo kutafuta ordinatere ndogo na pano ya jua, ao programu ya hesabu ndani ya telefone. Safu za kaye zitahamia ndani ya mashine bila taabu, kwa sababu akili imekwisha kuzoea. Kila juma nakala itunzwe pahali pengine, sababu mashine inaibiwa, inaanguka majini, inakosa moto.

Nne, mtu mmoja wa jamaa anayeaminika ajue kaye liko wapi na madeni yameandikwa namna gani. Kode ya telefone asiambiwe kila mtu, hapana! Lakini mwenye mali aulize mapema kwa kampuni ya telefone ni karatasi gani zinazoombwa, mambo mabaya yakitokea.

Wengine wanauliza: "Je, mashine haitawafukuza makarani kazini?" Ni ulizo la haki. Kazi ya kuandika jina lilelile katika makaye matano itapunguka, ndiyo. Lakini tumeona kwamba kuhesabu depo, kuuliza kwa nini bidoni moja haiko, na kujua kama mtu wa Uvira ni wa kuaminiwa kwa deni, hayo bado yanamuomba mtu. Karani anayejua kuandika tu atapata shida. Yule anayejua maana ya anachoandika atatafutwa.

8. HESABU YA KUMALIZIA

Wasomaji wapendwa, tunawaachia kazi ndogo. Mama Mawese amepoteza ile bidoni moja kabisa, na mtu wa Uvira amelipa 288,000 kwa telefone, halafu akasema 72,000 iliyobaki hatalipa kamwe. Je, ile faida ya 140,000 imekuwa ngapi? Na sasa kuna ngapi ndani ya sanduku na telefone pamoja, na ngapi ndani ya depo?

Ninyi wa siyansi mnaosema kwamba biashara ni masomo ya wavivu, tunawangoja ninyi wa kwanza. Leteni majibu kwa yeyote wa seksio yetu. Jibu la haki litapigwa katika namba ijayo, pamoja na majina ya waliopata.

Na jioni hii, ukifika nyumbani, umuulize mzazi wako kwa heshima: "Baba, madeni yetu yameandikwa wapi?" Akikuonyesha kichwa chake, umpelekee kaye.

Sisi wanafunzi wa seksio ya biashara